Kumhoji Adui: Tarehe ya Homa ya Uti wa Mgongo na Dawa Zake

Tone la maji litokalo katika uti wa mgongo wa mtu mwenye afya huwa angavu, halina rangi wala harufu, na anayelitazama ndani ya kichupa cha kioo hawezi kulipambanua na maji ya kisima kilichotulia. Ama tone la mgonjwa ambaye tando za ubongo wake zimevamiwa na bakteria, aghalabu hutoka na ukungu, na pengine huwa zito na jeupe mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Baina ya matone hayo mawili imo tarehe nzima ya maradhi tuyaitayo homa ya uti wa mgongo. Ndani yake dawa zimefuatana moja baada ya moja, kila moja ikisifiwa kwa zamu yake na kuchujuka kwa wakati wake; na mwenye kuifuata tangu mwanzo ataona kwamba lililobaki imara muda wote huo ni ada moja tu, nayo ni kumhoji adui kabla ya kumchagulia silaha: ni nani huyu aliyeingia, na ni kitu gani kimwezacho?

Maradhi yasiyo na mwenyewe, 1805–1880

Mwanzoni mwa mwaka 1805, katika mji wa Geneva na viunga vyake, watu waliolala wazima waliamka na homa kali, maumivu ya kichwa yasiyostahimilika, matapishi, na shingo iliyokakamaa hata kidevu kisiweze kugusa kifua, na wengine wao hawakuuona usiku wa pili. Tabibu Gaspard Vieusseux aliandika habari za mlipuko huo, uliowaua watu 33, na mwenziwe, André Matthey, alipopasua maiti alikuta ubongo umefunikwa usaha. Mwaka uliofuata maradhi yale yale yalionekana Medfield, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, na katika miaka ya 1840 yaliwaandama askari wa Ufaransa hata Algeria walikopelekwa.

Matabibu wa zama hizo walikuwa na macho makali. Waliona kwamba maradhi yanapenda kambi ambazo askari wapya wamerundikwa humo, wakilala bega kwa bega. Waliona yanawachagua watoto na vijana. Waliona yanazuka ghafla na kutoweka ghafla. Walichokosa ni mwenyewe wa maradhi. Wengine walidhani ni hewa iliyoharibika, wengine baridi, wengine uchovu. Na kwa kuwa kila dhana ilikuja na tiba yake, mgonjwa aliumikwa, akabandikwa miruba, akanyweshwa afyuni, naye akafa vile vile kama ambavyo angekufa bila kutibiwa.

Rangi, hadubini na sindano, 1881–1892

Mageuzi yalikuja katika muda wa miaka kumi na kidogo, wala hayakuletwa na mtu mmoja. Mwaka 1881 George Sternberg huko Marekani na Louis Pasteur huko Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, walikiona kijidudu kilichokuja kuitwa nimokokasi, ambacho watu walikifahamu zaidi kwa kuleta kichomi cha mapafu. Mwaka 1884, mjini Berlin, tabibu wa Kidenmark aliyeitwa Hans Christian Gram alibuni njia ya kuzitia bakteria rangi, hata zikagawanyika makundi mawili: zile zinazoishika rangi ya zambarau, na zile zinazoiachia na kupokea rangi ya waridi. Mwaka 1887, mjini Vienna, Anton Weichselbaum alikipata ndani ya usaha wa ubongo wa wagonjwa sita kijidudu cha kivyake, kilichokaa mbili mbili mfano wa punje za kahawa zilizotazamana, nacho ndicho meningokokasi, chanzo cha milipuko ile ya Geneva na ya makambini. Na mwaka 1892 Richard Pfeiffer akakieleza kijiti kidogo alichokidhania kuwa ndicho kiletacho homa ya mafua. Dhana yake ilikuwa na kosa, lakini kijiti kilikuwa cha kweli, nacho ni hemofilasi, ambacho baadaye kilidhihiri kuwa muuaji mkubwa wa watoto wachanga na wale wanaotambaa.

Basi maradhi yaliyodhaniwa kuwa ya mwenyewe mmoja yalikuwa ya wenyewe watatu, na nyuma yao wapo wengine wenye kuvizia watoto waliozaliwa karibuni, kama vile streptokokasi za kundi B na bakteria wa matumbo. Dalili zao hufanana kiasi kwamba tabibu asimamaye kando ya kitanda hawezi kuwatenganisha kwa macho. Ilhali hawafanani tabia, wala hawafi kwa dawa moja.

Ilibaki kupata njia ya kumfikia adui mgonjwa angali hai, kwa maana Weichselbaum alifanya kazi yake juu ya maiti. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1891 na Heinrich Quincke wa Kiel, ambaye alipitisha sindano ndefu baina ya mifupa ya kiuno na kuyatoa maji yaliyouzunguka uti wa mgongo. Kazi hiyo ingali inafanyika leo katika hospitali zetu karibu vile vile: mtoto hulazwa ubavu, magoti yakakunjwa hata yakakaribia kidevu, muuguzi akamshika imara ili asijipinde, mgongo ukasafishwa kwa dawa, na kidole cha tabibu kikatafuta mwanya ulio sawa na ncha ya mfupa wa nyonga, chini ya pale unapokomea uti wenyewe; sindano ikiingia, tabibu huhisi kwanza uzito, kisha wepesi wa ghafla, na hapo tone la kwanza likaning'inia. Wazazi wengi huiogopa sindano hiyo kwa kudhani ndiyo iletayo kupooza au kifo, kwa sababu wamewaona waliochomwa wakifa. Na haki ya maneno ni kwamba wale waliuawa na maradhi, na sindano ilikuja kuuliza jina la muuaji.

Damu ya farasi, 1904–1935

Kulijua jina la adui si kumshinda. Mlipuko mkubwa ulipoupata mji wa New York katika miaka ya 1904 na 1905, hospitali zilikuwa na hadubini na sindano, lakini hazikuwa na dawa, na kati ya wagonjwa kumi wa meningokokasi walikufa saba au wanane. Hapo Simon Flexner wa Taasisi ya Rockefeller, na huko Ujerumani Georg Jochmann, walishika njia ya kuwadunga farasi vijidudu hivyo hata damu yao ikazoea kupigana navyo, kisha wakatoa maji ya damu hiyo na kumpa mgonjwa. Maji hayo yalipoingizwa katika mfereji wenyewe wa uti wa mgongo, palipo na vita, yalifanya kazi: taarifa aliyoitoa Flexner mwaka 1913, yenye hesabu ya wagonjwa wapatao 1,300, ilionyesha kuwa vifo vilikuwa 31 katika kila 100.

Sharti la tiba hiyo ndilo fundisho lake. Maji ya damu ya farasi aliyedungwa meningokokasi hayakuwa na faida yoyote kwa mgonjwa wa nimokokasi au wa hemofilasi, na hata meningokokasi zenyewe zilikuwa na makundi yasiyosikilizana. Kwa hiyo maabara, ambayo hapo nyuma ilihesabiwa kuwa mahali pa kuridhisha udadisi wa wanazuoni, iligeuka kuwa jirani wa wodi. Ama wagonjwa wa hao vijidudu wawili wengine, hukumu yao ilibaki ile ile ya kale: walikufa karibu wote.

Dawa za matumaini, 1935–1949

Mwaka 1935 Gerhard Domagk wa Ujerumani alitangaza kwamba rangi nyekundu iitwayo Prontosil iliwaponya panya walioingizwa bakteria, na upesi ikadhihiri kuwa nguvu yake imo katika sehemu iitwayo sulfa. Mwaka 1937, mjini Baltimore, Francis Schwentker na wenziwe waliwatibu kwa sulfa wagonjwa wa meningokokasi na wakaona wanainuka. Mwaka 1939 matabibu waliokuwa Sudan walitoa habari za wagonjwa walioponywa huko bara, mbali na hospitali kubwa. Na haikuwa ajabu watu wakiamini kwamba mlango wa maradhi haya umefungwa, kwa kuwa tiba iliyohitaji farasi, barafu na wataalamu sasa ilitoshea mfukoni mwa mganga msaidizi.

Tukio la mwezi wa Agosti mwaka 1942, katika hospitali ya St Mary's mjini London, lastahili kutazamwa kwa karibu kuliko mengine yote. Mtu mmoja aliyefahamika na jamaa za Alexander Fleming alikuwa amelazwa akiwa taabani, na sulfa ilikuwa imeshindwa. Fleming aliyachukua maji ya uti wake wa mgongo, akaotesha kilichomo, akakuta streptokokasi. Kisha, kabla ya kuomba dawa yoyote, akakiweka kijidudu hicho mbele ya penisilini ghafi aliyokuwa nayo maabarani, akaona kinakufa. Ndipo alipomwendea Howard Florey, aliyekuwa Oxford, kumwomba penisilini iliyosafishwa, ambayo siku zile ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Alimdunga mgonjwa katika misuli, akapata nafuu isiyotimia. Alipoyapima tena maji ya uti wa mgongo hakuiona dawa ndani yake, kwa maana ubongo una ukuta unaozuia vitu vingi vilivyomo katika damu visipenye. Basi akaiingiza penisilini katika mfereji wa uti wenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanywa kwa mwanadamu, na mgonjwa akapona. Katika kisa kimoja Fleming alikuwa ameuliza maswali yote matatu yanayopasa kuulizwa hata leo: ni kijidudu gani, chashindwa na dawa gani, na je, dawa hiyo inafika kilipo?

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Katika hospitali ya watoto mjini New York, tabibu Hattie Alexander, ambaye mnamo mwaka 1939 alikuwa amekwisha kuwaokoa watoto wengi wa hemofilasi kwa maji ya damu ya sungura, alipokea streptomaisini, dawa mpya iliyotoka katika maabara ya Selman Waksman, akaitumia kwa wagonjwa wake. Wengi waliinuka, walakini yeye hakuacha kuotesha, na kwa hiyo akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuona kwamba katikati ya mamilioni ya vijidudu vinavyokufa vimo vichache visivyojali dawa, navyo huzaana vikarithi uwanja wote. Mwaka 1947 ikapatikana kloramfenikoli, iliyotokana na kiumbe wa udongo wa Venezuela. Nayo kwa urahisi wa bei na kwa wepesi wake wa kupenya ukuta wa ubongo ikawa kwa miongo mingi tegemeo la hospitali za Afrika, ikiandamana na penisilini.

Sahani inayosema, 1941–1971

Wingi wa dawa ulileta swali jipya: katika hizi, ipi kwa mgonjwa huyu? Jibu lilitayarishwa kwa subira. Mwaka 1941 John Howard Mueller na Jane Hinton, mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuwa fundi wa maabara huko Harvard, waliunda chakula cha kuoteshea gonokokasi na meningokokasi, vijidudu vidogo vyenye kuchagua sana. Na chakula hicho hicho, kwa kuwa hakikuzuia dawa nyingi kufanya kazi, kikaja kuwa kitanda cha kupimia karibu bakteria zote. Mwaka 1966 William Kirby, Alfred Bauer na wenziwao wakaweka utaratibu mmoja wa kupima, na mwaka 1971 ukaungwa mkono na taarifa iliyotolewa chini ya Shirika la Afya Duniani.

Utaratibu wenyewe ni wa kupendeza kwa usahili wake. Fundi hupaka vijidudu juu ya sahani nzima, akabandika vipande vidogo vya karatasi vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, akaifunika sahani na kuiacha katika joto la mwili hadi asubuhi. Kunapokucha, sahani imeota utando wa kijivu kama umande juu ya kioo; na pale dawa ilipokuwa na nguvu pamebaki duara tupu, safi, ambalo fundi hulipima kwa rula na kulilinganisha na jedwali; na pale dawa iliposhindwa utando umeota mpaka ukingoni mwa karatasi, kana kwamba hapakuwekwa kitu.

Kijidudu chageuka, 1963–1992

Sulfa ndiyo iliyotangulia kuanguka. Majeshi ya Marekani yalikuwa yakiwapa sulfa askari wapya ili kuzuia milipuko, na mwaka 1963, katika chuo cha wanamaji cha San Diego, meningokokasi zikatokea ambazo sulfa haizidhuru. Mwaka uliofuata, maradhi yalipozidi katika kambi ya Fort Ord huko California, mafunzo ya askari wapya yalilazimika kusimamishwa. Hasara hiyo ilizaa kheri, kwa maana iliwalazimisha wataalamu wa jeshi kutafuta kinga, na kufikia mwaka 1969 Emil Gotschlich na wenziwe walikuwa wametoa chanjo za mwanzo zilizotengenezwa kwa ganda la sukari linaloizunguka meningokokasi.

Zamu ya hemofilasi ilifika mwaka 1974, zilipopatikana zile zenye kutoa kimeng'enya cha kuivunja ampisilini. Na zamu iliyotisha kuliko zote ilitokea Afrika Kusini: mwaka 1977 matabibu wa Durban walitoa habari za watoto, wakiwamo wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo, ambao nimokokasi zao hazikushindwa na penisilini wala kloramfenikoli, na mwaka huo huo, katika hospitali za Johannesburg, zikapatikana nyingine zilizokwisha kuwa sugu kwa dawa za aina nyingi kwa pamoja.

Hapa ukuta wa ubongo, aliougonga Fleming mwaka 1942, ulirudi katika hesabu. Nimokokasi yenye usugu mdogo, ikiwa mapafuni, hushindwa kwa kuongeza kiasi cha penisilini, kwa kuwa damu huifikisha dawa tele. Kijidudu hicho hicho kikiwa katika tando za ubongo, dawa ipenyayo ni chache mno, na mgonjwa hufa akiwa anatibiwa. Kwa sababu hii vipimo vya maabara vya Marekani viliweka, tangu mwaka 2008, mizani mbili kwa kijidudu kimoja, na kwa homa ya uti wa mgongo mpaka wa penisilini ukawa mikrogramu 0.06 tu kwa mililita. Seftriaksoni, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1980, ilishika nafasi ya wazee wake kwa nguvu na kwa wepesi wa kudungwa mara moja kwa siku. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Marekani walikwisha kuonekana wagonjwa wa nimokokasi ambao nayo haikuwafaa.

Ukanda, mahujaji na mwambao, 1963–2011

Mwaka ule ule ambao sulfa ilianguka San Diego, tabibu wa Kifaransa Léon Lapeyssonnie aliyaandika mambo ambayo watu wa Saheli waliyajua kwa uchungu: kwamba kusini ya Sahara pana ukanda ambamo kila kiangazi, upepo mkavu uvumapo na vumbi kukwaruza makoo, meningokokasi huamka, na kila baada ya miaka kadhaa huwa balaa kuu, kisha mvua za kwanza huizima. Mlipuko mkubwa kuliko yote iliyoandikwa ulitokea huko mwaka 1996 na mwaka uliofuata, ukawapata watu wapatao 250,000 na kuwaua 25,000.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa mbali na njia yake. Katika Hija ya mwaka 1987 meningokokasi za kundi A zilienea miongoni mwa mahujaji, na zikarudi nao katika nchi zao. Mwaka 1989 mlipuko wa kundi hilo, wa ukoo ule ule uliozuka Makka, uliupata mji wa Nairobi, ulio nje ya ukanda, na wakaugua watu wapatao 3,800. Tangu mlipuko ule wa Hija, haji hana budi kuchanjwa kabla ya kusafiri. Na baada ya kundi la W135 kuzuka katika Hija ya mwaka 2000, chanjo yenyewe ikabadilishwa ili ikinge makundi manne.

Mwaka huo huo wa 1989 ulianzishwa katika hospitali ya Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti ambao uliipa maabara nafasi yake kamili kando ya wodi ya watoto. Waliooteshewa damu na maji ya uti wa mgongo hapo walionyesha wazi kwamba, katika watoto wa mwambao, wauaji wakuu walikuwa nimokokasi na hemofilasi. Na kati ya mwaka 1994 na 2002 sahani zikaonyesha hemofilasi ikizidi kuwa sugu kwa dawa zile zile za bei nafuu zilizotegemewa, kloramfenikoli ikiwa mojawapo. Hayo yalijulikana kwa sababu palikuwa na mtu wa kuotesha. Pasipo yeye, watoto wangekufa na daftari lingeandika kwamba walichelewa kufika.

Novemba 2001 Kenya iliingiza chanjo ya hemofilasi katika chanjo za watoto wote, na huko Kilifi maradhi yake kwa walio chini ya miaka mitano, yaliyokuwa 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka, yalishuka hadi 7.6 katika mwaka wa tatu. Januari 2011 ikafuata chanjo ya nimokokasi, na maradhi ya aina zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa asilimia 92. Wakati huo huo, tarehe 6 Desemba 2010, Burkina Faso ilizindua chanjo ya kundi A iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika na kuuzwa kwa bei isiyofika nusu dola. Na tangu mwaka 2017 hajaonekana katika ukanda mgonjwa wa kundi hilo, lililokuwa balaa la karne nzima. Kijidudu asichokuwa nacho mtoto hakihitaji dawa, wala hakipati nafasi ya kujifunza kuishinda.

Sahani iliyonyamaza

Walakini mlango mmoja ukifungwa, adui hujaribu mwingine: mwaka 2017 kundi C liliua watu zaidi ya elfu moja nchini Nigeria, na watoto waliozaliwa karibuni wangali wakiuguzwa kwa bakteria ambazo chanjo hizi hazizigusi. Kwa hiyo kazi ya kuhoji haijaisha. Wala haimtaki tabibu asubiri jibu ndipo atibu, kwa maana katika maradhi haya saa moja ni umri. Dozi ya kwanza hutolewa papo hapo, kwa makisio yaliyo bora, na sahani ya kesho ndiyo ithibitishayo au isahihishayo makisio hayo. Makisio yenyewe hutokana na sahani za wagonjwa waliotangulia. Na mahali pasipooteshwa kitu, tabibu hukisia kwa habari za miji mingine na za miaka iliyopita.

Na lipo jambo moja linalowahuzunisha mafundi wa maabara zetu kuliko usugu wenyewe. Maji ya mgongo huletwa yana ukungu, na hadubini yaonyesha chembe nyeupe za damu zimejaa, dalili isiyo na shaka kwamba vita vimepiganwa humo. Hata hivyo sahani, baada ya siku moja, baada ya siku mbili, haioti kitu. Akiulizwa mama, hujibu kwamba mtoto alianza homa tangu Jumatatu, na kwamba dukani walipewa dawa, vidonge vinne, vikamezwa viwili. Kiasi hicho kilitosha kumnyamazisha shahidi, hakikutosha kumwondoa muuaji. Na mtoto amelala pale, shingo imekakamaa, na tabibu ameshika bomba la sindano, akichagua dawa ya adui ambaye angeweza kujulikana jina.